Mkutano wa Saa Nane: Kisa cha Mwakilishi Wadi na Vyoo vya Soko, Nairobi

Kuhusu kisa hiki

Haya yalitokea katika wadi moja ya mashariki mwa Nairobi. Mwakilishi wadi mwenyewe, mwanamke aliyechaguliwa kuingia bunge la kaunti, ameniruhusu niyaandike mradi nisitaje wadi, soko, chama chake cha siasa wala mtu yeyote, na mambo madogo yanayoweza kumtambulisha mtu nimeyaondoa. Nilikuwa karibu na kazi yake tangu miezi ya mwanzo, nikimsaidia kusoma makadirio ya bajeti na kuandaa hoja za bunge la kaunti. Mengi nimeyaona kwa macho yangu. Mengine nimeyapata kwake na kwa wauzaji wa soko. Nitamwita Mheshimiwa, kama anavyoitwa sokoni.

Ninawaandikia hasa wanawake waliochaguliwa karibuni na wale wanaojiandaa. Mafunzo wanayopewa mara nyingi huishia siku ya kura. Namna ya kuomba kura hufundishwa, namna ya kutawala baada ya kuzipata wengi hujifunza kwa kuumia, na Mheshimiwa aliumia mbele yangu.

Usuli

Nairobi ina wadi 85, na nchi nzima ina wadi 1,450. Katika uchaguzi wa 2017 wanawake 96 ndio walioshinda wadi moja kwa moja. Mwaka 2022 wakafika 115. Wengine huingia katika mabunge ya kaunti kwa uteuzi, kupitia orodha za vyama, kwa sababu Ibara ya 177 ya Katiba ya 2010 inataka jinsia moja isizidi theluthi mbili ya wajumbe. Mwakilishi aliyeteuliwa hana wadi. Ndiyo maana mwanamke aliyeshinda wadi hutazamwa kwa makini kuliko mwenzake mwanamume: akiteleza, watu husema wanawake wameteleza.

Mji huu umewahi kuongozwa na mwanamke. Margaret Kenyatta alikuwa meya wa Nairobi kuanzia 1970 hadi 1976. Mwaka 1969 Grace Onyango alikuwa amechaguliwa kuwa mbunge wa Kisumu Mjini, mwanamke wa kwanza kuchaguliwa katika Bunge la Kenya. Uchaguzi wa 2022 ulileta magavana wanawake saba. Kwa hiyo lile swali la mwanamke kuweza au kutoweza lilijibiwa zamani, na kulirudia ni kupotezeana muda. Swali linaloamua mambo katika wadi ni dogo zaidi na halimo kwenye hotuba: nani anaitisha mkutano, saa ngapi, na mahali gani.

Mheshimiwa aliuza nafaka kwa miaka mingi katika soko hilohilo. Alikuwa mweka hazina wa chama cha akina mama, kile cha akiba na mikopo, na mjumbe wa bodi ya shule ya msingi. Alishindwa mara moja, akarudi. Anasema mchujo wa chama cha siasa ulimchosha kuliko uchaguzi wenyewe. Aliulizwa hadharani ameolewa wapi, na kama mumewe amempa ruhusa. Usiku kaka yake ndiye aliyemsindikiza nyumbani.

Soko lina wauzaji wapatao 300, na walio wengi ni wanawake. Kamati ya soko ilikuwa na watu 11, wanawake watatu. Mmoja wa hao watatu alikuwa mweka hazina, lakini kitabu cha benki kilikaa kwa mwenyekiti.

Mkutano wa jioni

Aliyemtangulia alikuwa na desturi iliyozoeleka. Kila Alhamisi, saa moja jioni, watu wa kamati, viongozi wa vijana na wakandarasi wawili watatu walikutana kwenye hoteli moja ya nyama choma. Hapo ndipo palipoamuliwa barabara ipi iwekwe muramu na jina la nani liingie kwenye orodha ya basari. Mkutano rasmi ulifanyika baadaye kwenye ofisi ya chifu, kwa ajili ya sahihi.

Mheshimiwa alihudhuria mara tatu. Mara ya kwanza alikuwa mwanamke pekee aliyeketi. Wengine wawili walikuwa wanahudumia meza. Ilipofika saa mbili u nusu aliaga, kwa sababu matatu za kwenda kwake hupungua usiku na njia ya kutoka steji haina taa. Asubuhi akaambiwa kwamba jambo lililokubaliwa mbele yake lilibadilishwa alipoondoka. Mara ya pili ikawa vivyo hivyo. Mara ya tatu alikaa hadi saa nne usiku. Uamuzi haukubadilishwa, lakini wiki hiyo nzima alisikia habari zake mitaani: mheshimiwa anakesha na wanaume baa. Mwanamume aliyekaa kiti hichohicho hakuwahi kusemwa.

Akaamua kuacha mkutano wa jioni kabisa na kuitisha wake. Sababu aliyonipa ilikuwa fupi: "Nikienda naliwa, nisipoenda naliwa. Afadhali niliwe nikiwa nyumbani kwangu." Nilikubaliana naye, na bado nakubaliana naye.

Saa nne asubuhi

Mkutano wake wa kwanza aliuweka Jumatano saa nne asubuhi, kwenye ukumbi wa jamii ulio karibu na barabara kuu. Aliwaza kwamba mchana ni salama, ukumbi ni wa umma, na akina mama watakuja. Walikuja watu kumi na wawili, wengi wao wastaafu na wawakilishi wa makanisa. Kutoka sokoni alikuja mmoja.

Alikasirika. Aliona wanawake waliompigia kura wamemwacha. Siku iliyofuata tulikwenda sokoni pamoja, akasimama mbele ya kibanda cha shosho, bibi mmoja anayeuza viazi, na kuuliza kwa nini hakuja. Yule mama alikuwa anapanga viazi kwenye mikebe, vikubwa juu, vidogo chini. Hakuinua uso.

"Mwanangu, wewe umeuza hapa. Umesahau mara hii? Saa kumi usiku niko Marikiti kununua viazi. Saa mbili nateremsha gunia. Saa nne hoteli zinakuja kuchukua viazi vya chipsi. Nikifunga saa nne, mteja anahamia kwa jirani na harudi."

"Basi saa ngapi, shosho?"

"Saa nane. Saa nane hata nzi wamelala."

Kila mwenye kibanda anajua hivyo. Kuanzia saa saba hadi saa tisa soko hupoa: wa asubuhi wamekwisha kununua, na wa jioni, wale wanaoshuka kwenye matatu wakitoka kazini, hawajafika. Waendesha boda boda nao hulala juu ya pikipiki zao saa hizo. Mkutano ukahamishiwa saa nane mchana, ndani ya soko lenyewe, chini ya paa la sehemu ya nafaka, na ukawekewa dakika 40. Viti havikuwepo, watu walikaa juu ya magunia. Mkutano wa kwanza wa saa nane ulijaa hadi wengine wakasimama kwenye njia ya maji machafu.

Vyoo

Katika mkutano huo huo jambo la vyoo likaibuka. Soko lina vyoo sita vilivyojengwa kwa fedha za umma. Kwa miaka kadhaa viliendeshwa na kundi la vijana wa baze, yaani kijiwe chao, iliyo nyuma ya soko, ambao walifagia, walinunua maji bomba lilipokauka, na walitoza shilingi 10 kila mtu. Kisha bei ikapanda hadi shilingi 20.

Hesabu yenyewe ilifanywa na mama mmoja wa mitumba, kwa sauti, mbele ya wote. Yeye huenda chooni mara tatu kwa siku. Hiyo ni shilingi 60. Hufungua siku 26 kwa mwezi: shilingi 1,560, na ushuru wa soko haujaguswa. "Wanaume wanasimama pale ukutani bure," akasema. Kisha akasema jambo lililonyamazisha watu: kwamba yeye na jirani zake hawanywi maji kuanzia asubuhi hadi wanapofunga, ili wasiende chooni.

Mheshimiwa aliahidi hapohapo. Kuanzia Jumatatu, akasema, choo ni bure kwa kila mwenye kibanda. Makofi yalipigwa, na vigelegele. Nilikuwa nimesimama kando, nikaona vijana wawili wa baze wakiondoka kabla makofi hayajaisha.

Ahadi ile ilikuwa na kasoro mbili, na zote mbili tungeweza kuzijua mapema. Ya kwanza ni ya sheria. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, kifungu cha 9, inamkataza mwakilishi wadi kufanya kazi za utendaji au kutoa huduma kana kwamba yeye ni ofisa wa kaunti. Kazi yake ni kutunga sheria, kuwakilisha na kusimamia uwajibikaji. Vyoo vya soko ni jambo la idara ya kaunti, na aliye karibu zaidi na utendaji katika wadi ni msimamizi wa wadi. Huyo hakuwa ameulizwa wala kualikwa. Ya pili ni ya watu: vijana kumi na wanne waliokuwa wanapata chakula kutokana na vile vyoo walisikia wameachishwa kazi kutoka kwa umati unaoshangilia.

Siku tisa

Jumatatu asubuhi milango minne ilikuwa imeng'olewa na bomba limekatwa. Vyoo viwili vilivyobaki vilikuwa na kufuli mpya. Kwa siku tisa wanawake wa soko walikwenda kuomba choo kwenye kanisa lililo ng'ambo ya barabara, au walirudi nyumbani. Siku ya nne lawama zikamgeukia Mheshimiwa, na waliolaumu kwa sauti kubwa zaidi ni walewale waliopiga vigelegele. Mwenyekiti wa kamati ya soko hakusema kitu, alingoja.

Uamuzi uliomsumbua ulikuwa wa polisi. Mkuu wa kituo alikuwa tayari kutuma askari kwenye baze. Marafiki zake katika bunge la kaunti walimwambia akubali, kwamba mwanamke asipoonyesha mkono mzito mapema atachezewa hadi mwisho wa muhula. Alikataa. Alijua askari wakiingia baze hubeba kila kijana wanayemkuta, na watatu kati ya vijana hao ni watoto wa wauzaji wa soko lilelile. Aliandikisha uharibifu kituoni, akachukua nambari ya OB, kitabu cha matukio cha kituo, na hakutaja jina la mtu. Baadhi ya akina mama waliita huo uoga, na wapo wanaosema hivyo hadi leo.

Siku ya sita alikwenda baze mwenyewe, mchana, pamoja na shosho wa viazi na mama wa mitumba. Mimi sikuwepo. Wote watatu wananisimulia kwamba aliyezungumza kwanza ni shosho, kwa sababu mmoja wa vijana ni mjukuu wake, na kwamba hakufoka. Alimuuliza mjukuu wake kama anajua bibi yake huenda chooni wapi siku hizi. Yule kijana akainama.

Walipoanza kuongea ikajulikana jambo ambalo hakuna aliyekuwa amelifuatilia: bei ilipanda hadi shilingi 20 kwa sababu mtu mmoja kwenye kamati ya soko alikuwa anadai fungu lake kila wiki. Vijana nao walikuwa wanakamuliwa. Mama wa mitumba alikuwa na daftari la chama cha akina mama, la kawaida lenye mistari, na kabla ya hapo alikuwa ameandika matumizi ya choo ya wanachama kwa miezi miwili, kwa ajili ya mikopo tu. Wakaliweka daftari lile kando ya hesabu za vijana. Tofauti ya namba ilikuwa wazi kwa kila aliyejua kujumlisha.

Makubaliano

Siku ya tisa mkutano ulifanyika saa nane, sokoni, na safari hii msimamizi wa wadi aliketi mbele. Yeye ndiye aliyetangaza makubaliano kwa niaba ya kaunti. Mheshimiwa alikuwa ameomba iwe hivyo. Mwenye kibanda atalipa shilingi 200 kwa mwezi na kuingia bila kuulizwa. Mpita njia atalipa shilingi 10. Vijana wataendelea kuendesha, ila upande wa wanawake utakuwa na mhudumu mwanamke kwa zamu. Bili ya maji italipwa kwanza kabla ya mtu yeyote kupata chake. Na hesabu itasomwa kwa sauti kila baada ya wiki mbili, saa nane, juu ya magunia ya nafaka, kutoka kwenye daftari linaloshikwa na mama wa mitumba.

Milango ilirudi siku mbili baadaye. Hakuna aliyeuliza ilikuwa wapi.

Matokeo

Utaratibu huo umedumu zaidi ya mwaka. Bili ya maji imechelewa mara mbili, zote mbili kwa sababu wauzaji walichelewa kulipa ile 200, na majina yao yalisomwa. Kamati ya soko ilipochaguliwa upya wanawake walitoka watatu hadi sita, na kitabu cha benki sasa kiko kwa mweka hazina.

Katika bunge la kaunti mambo yalikwenda polepole. Sheria inataka makadirio ya bajeti yafikishwe bungeni kufikia tarehe 30 Aprili, ili mwaka wa fedha uanze 1 Julai. Mwaka wa kwanza alikuja na ombi la tangi la maji na taa za soko wiki mbili baada ya mambo kupangwa. Mwaka wa pili alianza Novemba, akapeleka ombi la maandishi lililotiwa sahihi na wauzaji zaidi ya mia moja, na vyote viwili vikaingia. Taa zimewekwa. Tangi halijaja, fedha za kaunti huchelewa kutoka kwa serikali kuu, na mradi mdogo ndio husukumwa nyuma kwanza.

Mkutano wa Alhamisi jioni haujafa. Bado unafanyika kwenye hoteli ileile, na mtu anayeandaliwa kumpinga uchaguzi ujao hula nyama hapo.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi zaidi ni saa. Nimekwisha kuona mabango mengi yanayohimiza wanawake wajitokeze kwenye ushiriki wa umma, na Ibara ya 196 ya Katiba inalitaka bunge la kaunti lifanye kazi yake wazi na kuwashirikisha wananchi. Lakini mkutano wa saa nne asubuhi ulikuwa wazi, na mwanamke wa soko hakuweza kuingia. Alifungiwa nje na gunia la viazi. Mheshimiwa mwenyewe, aliyeuza hapo miaka yote hiyo, alikuwa ameanza kupanga siku kwa saa za ofisi baada ya miezi michache tu ya kuwa na ofisi. Sisemi hili kumlaumu. Kiti hubadilisha saa ya mtu upesi, na aliyemrudisha ni mama aliyekuwa radhi kumwambia ukweli bila kuacha kupanga viazi. Kiongozi mpya anahitaji watu wa namna hiyo kuliko anavyohitaji washauri kama mimi.

Kilichoharibu ni tangazo. Hapa lawama yangu ipo, maana nilijua kifungu cha 9 na sikukisema kabla hajasimama. Mwanamke kiongozi husukumwa sana aonekane ana nguvu, na njia nyepesi ya kuonekana hivyo ni kutangaza. Gharama ya siku tisa ililipwa na miili ya wanawake, si na ofisi yake. Kama angemwita msimamizi wa wadi na wale vijana kabla ya kuahidi, nadhani angefika kwenye makubaliano yaleyale bila mlango hata mmoja kung'olewa.

Kuhusu polisi, wapo wenzangu wanaoamini aliponyoka kwa bahati. Mimi naona alipima sawasawa. Kuandikisha kosa bila kutaja mtu kulimwachia njia mbili wazi: angeweza kurudi kituoni wakati wowote, na angeweza kwenda baze bila damu kati yao. Mkono mzito ungempa wiki moja ya sifa na miaka minne ya uadui na watoto wa wapiga kura wake. Ila ninakubali kwamba njia hiyo ilitegemea shosho na mjukuu wake. Katika wadi ambayo vijana hawana mtu sokoni, sijui kama ingewezekana, na nisingemshauri mtu aiige akiwa amefumba macho.

Daftari linastahili kutazamwa peke yake. Hakuna aliyelianzisha kwa ajili ya siasa. Akina mama wa vyama wana mazoea ya miaka mingi ya kuandika kila shilingi na kuisoma mbele ya wenzao, na hayo ni mazoea ya utawala, ingawa hakuna anayeyaita hivyo. Aliyekuwa anakula fungu la kila wiki alijua kukabiliana na hotuba, na polisi pia angewaweza. Hakuwa na jibu kwa ukurasa wenye tarehe. Mheshimiwa alipeleka mazoea hayo sokoni, na baadaye bungeni katika lile ombi lenye sahihi. Wanawake wengi wanaoingia siasa huacha daftari la chama nyumbani, wakidhani huko waendako kuna maarifa makubwa zaidi.

Lipo pengo ambalo halijazibwa. Saa nane ni ya wauzaji na ya boda boda. Si ya watu wa mjengo, wafanyakazi wa ujenzi, ambao wako juu ya jukwaa saa hiyo, wala si ya mabinti wanaofanya kazi viwandani, na hao pia ni wapiga kura wake. Mwezi uliopita, wakati hesabu inasomwa, kijana mmoja mwenye simenti kwenye viatu alipita akielekea kununua maji. Akasimama kusikiliza, kisha akauliza kwa heshima, "Mama, na sisi mnatusomea lini?"

Mheshimiwa alimwomba namba yake ya simu. Mama wa mitumba aliiandika kwenye jalada la nyuma la daftari, na chini yake akaandika: Jumapili, saa kumi? Alama ile ya kuuliza bado ipo.